Minara ya taa ya chuma ya enzi za Malkia Victoria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa yamejibiwa maswali ambayo wapenzi wa bahari na wa majengo ya kale huuliza zaidi kuhusu minara ya taa ya chuma iliyojengwa na Waingereza katika karne ya 19. Nafasi kubwa imepewa minara iliyosimamishwa juu ya mafungu ya mchanga kwa nguzo za parafujo. Humo ndimo ulimo ubunifu wenyewe, na aliyeubuni anastahili kujulikana kuliko anavyojulikana.

Kwa nini chuma, ilhali minara ya mawe ilikuwa imekwisha kuonyesha uimara wake?

Mnara wa mawe husimama kwa uzito wake. Skerryvore, magharibi mwa Uskoti, uliowashwa mwaka 1844, una zaidi ya tani 4,000 za mawe, na wimbi likiupiga halina la kufanya ila kurudi lilikotoka. Lakini uzito wa namna hiyo unataka mwamba chini yake. Mlango wa mto Thames hauna mwamba. Una mchanga na tope, mafungu marefu yanayofunikwa maji yakijaa na kuchomoza maji yakipwa, tena yanayohama kidogo kidogo kila mwaka. Hapo ndipo zilipopita meli zote za London, bandari iliyokuwa na shughuli kuliko zote duniani wakati huo. Ukiweka tani 4,000 za mawe juu ya fungu la mchanga, zitazama.

Dawa iliyokuwapo ni meli ya taa, yaani meli iliyotiwa nanga karibu na fungu na kuangikwa taa mlingotini. Ilisaidia, lakini ilikula fedha nyingi, maana ilihitaji mabaharia mwaka mzima. Tena usiku wa dhoruba, usiku ule ule ambao taa inahitajika kuliko siku zote, mnyororo uliweza kukatika na meli ikachukuliwa na maji. Nahodha aliyeiona taa mahali isipostahili kuwa alikuwa kwenye hatari kubwa kuliko yule ambaye hakuona taa yoyote.

Sababu nyingine ni makoloni. Visiwani Karibi hakukuwa na mafundi wa kutosha wa kuchonga mawe ya mnara, na kuwasafirisha na kuwatunza kwa miaka mitano au sita kulikuwa mzigo. Chuma kiliweza kusubiwa London, yaani kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, mnara ukaunganishwa wote kiwandani ili kuhakikisha kila tundu limelingana na mwenzake, kisha ukafunguliwa, kila kipande kikatiwa alama, ukapakiwa melini. Kule ulikokwenda kilichohitajika ni msingi, kreni ya mbao, na watu wenye mikono imara wa kukaza bolti.

Nguzo ya parafujo ni nini hasa?

Ni nguzo ndefu ya chuma ambayo ncha yake ya chini imezungushiwa bapa pana la chuma, lililojipinda mzunguko mmoja na zaidi kidogo kama parafujo. Nguzo haipigwi nyundo ili izame. Inazungushwa, na bapa lile linajikata njia mchangani huku likiivuta nguzo chini.

Tuchukue vipimo vya nguzo za mnara wa Maplin, ulio kwenye mlango wa Thames, kwa sababu vinaeleza siri yote. Mti wa nguzo ulikuwa na kipenyo cha inchi 5, yaani sentimita 13 hivi. Bapa la parafujo lilikuwa na kipenyo cha futi 4, karibu mita 1.2. Piga hesabu: eneo la bapa lile ni zaidi ya mara 90 ya eneo la ncha ya nguzo tupu. Mzigo ambao ungeididimiza nguzo nyembamba sasa unaegemea sahani pana iliyofukiwa mita sita na zaidi chini ya fungu, mahali ambapo mchanga haujaguswa na mkondo. Na nguzo haikatai kuzama tu, inakataa pia kung'oka. Wimbi likitaka kuinyanyua, ni lazima linyanyue mchanga wote uliolala juu ya bapa.

Aliyebuni ni nani? Ni kweli kwamba hakuwa anaona?

Ni kweli. Alexander Mitchell alizaliwa Dublin mwaka 1780 na kukulia Belfast. Shuleni alikuwa hodari wa hesabu. Macho yalianza kufifia akiwa kijana mdogo, na alipofika umri wa miaka 22 hivi hakuona tena. Hakukaa kitako. Alifungua biashara ya kufyatua matofali na kujenga nyumba Belfast, akabuni mashine za kazi hiyo, akaiendesha kwa miaka mingi. Mwaka 1833, akiwa na umri wa miaka 53, ndipo alipopata hataza ya parafujo yake, ambayo aliikusudia kwa nguzo za majini na pia kwa kufungia maboya na minyororo ya meli.

Wengi wakisikia habari hii hudhani Mitchell alikaa ofisini akatoa wazo, kazi wakafanya wengine. Sivyo. Alikwenda mwenyewe kwa mashua hadi kwenye kazi, akiandamana na mwanawe John. Alipanda ngazi na mbao zilizolowa, akatambaa juu ya maungio akiyakagua kwa vidole, bolti kwa bolti. Fundi anayeona hutazama kiungo na kuridhika kwamba kimekaa. Mitchell alipapasa, na kiganja hugundua upenyo ambao jicho linaupita.

Mwaka 1848 aliwasomea wahandisi wenzake mjini London maelezo ya kazi yake, na Taasisi ya Wahandisi wa Ujenzi ya huko ikamtunuku nishani ya Telford. Alifariki mwaka 1868. Kwa maoni yangu jina lake linapaswa kutajwa pamoja na majina makubwa ya uhandisi wa karne ile, na kila mwalimu anayefundisha watoto wasioona angefaa kulijua.

Mnara wa kwanza wa aina hii ni upi, Maplin au Wyre?

Inategemea unahesabu nini. Ujenzi ulianza Maplin, upande wa kaskazini wa mlango wa Thames, mwaka 1838. Lakini wenye dhamana ya taa za Uingereza, Trinity House, na mhandisi wao James Walker, walitaka uthibitisho. Nguzo tisa zilipokwisha kuzamishwa, nane zikiwa zimepangwa pembe nane na moja katikati, waliamua kuziacha hivyo hivyo bila kujenga chochote juu yake. Zilikaa miaka miwili zikipigwa na kila bamvua na kila dhoruba ya majira ya baridi. Walker aliona pia kwamba mkondo ulianza kuchimba mchanga kuzunguka nguzo, akaufunika kwa matawi ya miti yaliyofungwa pamoja na kugandamizwa kwa mawe.

Wakati Maplin ikingoja, Mitchell alipata kazi nyingine Fleetwood, pwani ya kaskazini-magharibi ya Uingereza, ambako Kapteni Henry Mangles Denham wa jeshi la majini alikuwa amepima njia ya kuingilia mto Wyre na kuipendekeza mbinu hii mpya. Huko hawakungoja. Ujenzi ulianza mwaka 1839 na taa ikawashwa Juni 1840. Maplin uliwashwa Februari 1841. Kwa hiyo nguzo za kwanza ni za Maplin, na mwanga wa kwanza ni wa Wyre.

Nguzo hizo zilizungushwaje baharini, bila mashine za mvuke?

Kwa miguu ya watu. Chelezo kubwa la mbao lilikokotwa hadi kwenye fungu na kutiwa nanga pande zote. Katikati yake palikuwa na uwazi ambamo nguzo ilisimamishwa wima. Juu ya nguzo ilifungwa gurudumu lenye mitaimbo mirefu iliyochomoza pande zote, la aina ile ile inayotumika melini kuvutia nanga. Makumi ya wanaume walishika mitaimbo na kuanza kuzunguka chelezoni, na kwa kila mzunguko nguzo ilishuka kidogo.

Mwanzoni kazi ni nyepesi, mchanga wa juu ni laini. Kadiri parafujo inavyoshuka ndivyo mchanga unavyokaza, mpaka watu wanasukuma kwa vifua na hatua zinakuwa za kuhesabu. Hiyo ndiyo iliyokuwa dalili njema. Nguzo isiyotaka kuzunguka tena ndiyo nguzo iliyopata mahali pa kukaa. Mitchell, aliyekuwa hapo akisikiliza mlio wa mbao na hatua za watu, alijua mambo yanavyokwenda bila kuonyeshwa.

Jambo la kushangaza ni wepesi wake. Nguzo zote tisa za Maplin zilikuwa chini kwa muda mfupi wa majira moja ya kiangazi, ilhali minara ya mawe ya baharini iliwachukua wajenzi miaka, wakipata saa chache tu za kazi kila maji yalipokupwa.

Miguu ni myembamba mno. Iliwezaje kuhimili mawimbi?

Hilo ndilo swali waliloliuliza hata wahandisi wa wakati ule, na wengi wao waliolelewa katika ujenzi wa mawe hawakuridhika kwa urahisi. Jibu ni kwamba haikukusudiwa kuyazuia. Wimbi hupiga kile kinacholikabili. Ukuta wa mawe hulikabili lote, nguzo ya sentimita 13 hulikabili kidogo sana, na maji yanapita kati ya miguu yakaenda zake. Nyumba ya mtunza taa na chumba cha taa viliinuliwa juu kupita kimo cha mawimbi makubwa, kisha miguu ikafungwa pamoja kwa fito za chuma zilizokatizana ili isiyumbe mmoja mmoja. Miguu ya pembeni iliegemezwa ndani kidogo kwenda juu, hivyo jengo zima lilikuwa pana chini na jembamba juu.

Masharti yake ni matatu: sehemu iliyo ndani ya maji iwe na vitu vichache iwezekanavyo, sehemu yenye upana ikae juu kabisa, na maungio yawe imara. Ukivunja sharti moja umeharibu kazi yote. Mfano upo.

Ni mfano gani? Kuna mnara wa miguu ya chuma ulioanguka?

Upo, na watu walikufa. Katika pwani ya Massachusetts, Marekani, kuna mwamba uitwao Minot's Ledge uliokuwa umeangamiza meli nyingi. Kapteni William Swift alijenga hapo mnara wa miguu tisa ya chuma, ukawashwa Januari 1850. Hii haikuwa parafujo. Miguu ilipandwa katika matundu yaliyotobolewa kwenye mwamba wenyewe. Usiku wa tarehe 16 Aprili 1851, katikati ya dhoruba kubwa, mnara ulianguka ukiwa na watunza taa wasaidizi wawili ndani, Joseph Wilson na Joseph Antoine. Wote wawili walikufa.

Sehemu ya chini ya miguu haikuwa na zile fito za kukatizana. Zaidi ya hapo, ilikuwa imeongezwa sakafu ya kuwekea vitu chini ya nyumba ya walinzi. Sakafu ile ilikuwa mahali ambapo mawimbi ya dhoruba yaliweza kuifikia na kuisukuma, na ilikuwa bapa. Kanuni ya kuyaacha maji yapite ilivunjwa na ubao wa kuwekea mizigo. Wamarekani walijenga upya kwa mawe ya itale, na mnara huo wa pili, uliowashwa mwaka 1860, umesimama mpaka leo.

Mitchell naye aliwahi kushindwa. Mwaka 1842 alianza kujenga kwenye fungu la Kish, nje ya Dublin, mahali pa wazi penye bahari kali, na dhoruba ikaivunja kazi kabla haijakamilika. Mbinu yake ilifaa zaidi kwenye milango ya mito na ghuba kuliko kwenye bahari ya wazi.

Wamarekani waliiga parafujo ya Mitchell?

Waliiga, tena kwa wingi kuliko Waingereza. Ya kwanza ilikuwa Brandywine Shoal katika ghuba ya Delaware, mwaka 1850, chini ya Meja Hartman Bache. Baada yake ghuba ya Chesapeake ilijaa vijumba vya taa vyenye pembe sita au nane juu ya miguu ya chuma. Huko Florida, Carysfort Reef uliowashwa mwaka 1852 ulisimamishwa juu ya matumbawe, kwa nguzo zilizovishwa sahani pana ili zisitoboe tabaka gumu la juu na kuzama kwenye laini lililo chini yake.

Adui ambaye Mitchell hakumpa uzito mkubwa ni barafu. Chesapeake huganda baadhi ya miaka, na barafu ikianza kuvunjika na kusukumwa na mkondo, haipiti kati ya miguu kama maji yanavyopita. Inalundikana. Januari 1877 barafu iliuchukua mnara wa Hooper Strait. Februari 1881 ukafuata wa Sharps Island, na walinzi wake walielea wakiwa ndani ya nyumba yao mpaka ilipokwama. Hawakudhurika.

Je, minara yote ya chuma ilikuwa ya miguu?

La. Kuna jamii nyingine kabisa, ya minara iliyo kama bomba refu linalopungua unene kwenda juu, iliyojengwa kwa mabamba ya chuma cha kusubu. Kila bamba lina ukingo uliokunjwa wenye matundu, na mabamba yanafungwa ukingo kwa ukingo kwa bolti, pete juu ya pete. Mtaalamu wake mkuu alikuwa Alexander Gordon wa London.

Mnara wake wa Morant Point, ncha ya mashariki ya Jamaica, ulisubiwa London na kusimamishwa mwaka 1842, ukiwa na urefu wa futi 100 hivi. Waliousimamisha walikuwa Wakru, watu wa pwani ya Afrika Magharibi waliosifika kwa kazi za baharini, waliokuwa miongoni mwa Waafrika huru wa kwanza kuletwa Jamaica kufanya kazi baada ya utumwa kufutwa. Vitabu vya uhandisi humtaja Gordon na kuwapita wao. Mabamba yale mazito yalipandishwa na mikono yao.

Miaka minne baadaye, Mei 1846, uliwashwa mnara wake wa Gibbs Hill huko Bermuda, wenye urefu wa futi 117 na ngazi 185. Sehemu ya chini ilijazwa zege kati ya ngozi ya chuma na bomba la katikati, hivyo chuma kikatoa umbo na zege likatoa uzito, jambo la busara mahali penye vimbunga. Unafanya kazi mpaka leo.

Waingereza pia walijaribu aina hii kwenye maji. Whiteford, kusini mwa Wales, ulijengwa mwaka 1865 kwa mabamba ya chuma cha kusubu mahali ambapo maji yakijaa huuzunguka. Taa yake ilizimwa zamani, lakini mwili wake bado umesimama.

Taa yenyewe ilifanyaje kazi kabla ya umeme?

Yeyote aliyekua na taa ya chemni anaijua nusu ya habari hii. Ni utambi, mafuta, na kioo cha kuvuta hewa. Taa za minara zilitumia utambi wa mviringo uliobuniwa na Aimé Argand katika miaka ya 1780, ambao hewa hupita ndani na nje ya mwali, na katika taa kubwa tambi tatu au nne ziliwekwa moja ndani ya nyingine. Mafuta yalikuwa ya nyangumi, halafu ya mbegu, na baadaye mafuta ya taa tunayoyajua.

Nusu ya pili ni lenzi. Mfaransa Augustin Fresnel alionyesha katika miaka ya 1820 kwamba huhitaji lenzi nene ya kioo kizito. Unaweza kuikata kuwa pete nyingi za miche ya kioo, kila pete ikiupinda mwanga kiasi kinachotakiwa tu, na zote kwa pamoja zikaukusanya mwanga wa utambi kuwa mwale mmoja unaokwenda sambamba na bahari. Lenzi ya Gibbs Hill ilitengenezwa Paris na Lepaute. Waingereza walikuja kuwa na kiwanda chao, Chance Brothers, karibu na Birmingham.

Kuna tatizo moja dogo lililowasumbua sana. Lita moja ya mafuta ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Ndani ya chumba cha vioo usiku wa baridi, mvuke huo ulitanda kwenye madirisha, ukaganda, na taa ikafifia kwa wale walioihitaji. Aliyelitatua ni Michael Faraday, yule yule wa sumaku na umeme, aliyekuwa mshauri wa kisayansi wa Trinity House tangu mwaka 1836. Alibuni bomba la kuuvuta moshi na mvuke kutoka juu ya chemni na kuutoa nje moja kwa moja. Mwanasayansi mkubwa kuliko wote nchini mwake alikaa na kufikiria ukungu wa dirishani, kwa sababu maisha ya mabaharia yalitegemea dirisha hilo.

Walinzi waliishi vipi humo?

Katika minara ya miguu, nyumba ilikuwa ya mbao na mabati ya chuma juu ya jukwaa: chumba cha kupikia na kukaa, cha kulala, na ghala la mafuta, makaa, chakula na matangi ya maji ya kunywa. Chumba cha taa kilikuwa juu ya paa, na mlinzi alipanda kwa ngazi ya ndani. Kwa kawaida walikuwa wawili au watatu, wakipeana zamu usiku kucha, maana utambi ukiachwa kidogo tu ulitoa masizi na lenzi ikatiwa weusi. Mchana ulikuwa wa kusugua shaba, kufuta vioo, kukata tambi na kupaka rangi.

Jengo lilitikisika. Kila wimbi lilisikika miguuni, na ukungu ulipotanda kengele ililia saa nzima baada ya saa nzima. Hatari ilitoka pia kwa meli zenyewe. Mwaka 1870 merikebu iligonga mnara wa Wyre kwa nguvu hata nyumba ya taa ikang'oka na kutua juu ya sitaha ya merikebu hiyo, walinzi wakiwa ndani. Walitoka salama.

Chuma baharini si hushikwa na kutu?

Hushikwa, na mahali pabaya zaidi si chini kabisa. Ni ule ukanda ambao maji hujaa na kupwa, unaolowa na kukauka kila siku, ambapo chumvi na hewa hukutana. Nguzo iliyofukiwa mchangani, mahali pasipo na hewa, hudumu kwa miongo mingi.

Aina ya chuma nayo ina maana. Miguu mingi ya parafujo ilikuwa ya chuma cha kufua, kisichovunjika ghafla kikipindwa, lakini kutu hukila tabaka kwa tabaka. Chuma cha kusubu hustahimili hewa ya bahari vizuri, ndiyo maana mabamba ya Bermuda yapo hadi leo. Lakini kikizama majini muda mrefu hupatwa na ugonjwa wake: maji ya chumvi hukinyonya chuma na kuacha kaboni laini, umbo likabaki vile vile. Ukikitazama utasema ni kizima, nawe unaweza kukikata kwa kisu. Wakaguzi waligonga kwa nyundo na kusikiliza mlio.

Maplin na Wyre ziko wapi sasa?

Maplin haupo. Mkondo uliendelea kuchimba mchanga chini yake, na mwaka 1932 ukaondolewa na bahari, baada ya miaka zaidi ya 90.

Habari ya Wyre inaumiza zaidi, kwa kuwa ingeweza kuwa tofauti. Moto uliiteketeza nyumba yake mwaka 1948 na hakuna aliyeijenga upya. Mwaka 1979 boya lilichukua kazi yake. Mifupa ya chuma iliachwa fukweni kwa miongo, kila mtu akijua kuwa huo ndio mnara wa kwanza wa parafujo duniani kuwashwa taa, mpaka Julai 2017 miguu ilipolegea na sehemu kubwa ikaanguka.

Mbinu ya Mitchell yenyewe haikufa. Ilitumika kwenye madaraja ya reli iliyotoka Bombay kwenda Baroda, na leo nguzo za parafujo hushikilia milingoti ya umeme, mitambo ya nishati ya jua na nyumba za kwenye udongo laini. Kwa minara ya taa, zege na makasha makubwa ya chuma yaliyozamishwa na kujazwa, kama lile la Rothersand nchini Ujerumani la mwaka 1885, ndiyo yaliyochukua nafasi yake.

Upande wetu wa dunia kuna minara kama hii?

Kwenye Bahari ya Shamu ilikuwapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 serikali ya Misri ilijengewa minara ya chuma na mhandisi Mwingereza William Parkes, ukiwemo wa mwamba wa Daedalus, katikati ya bahari, mbali na nchi kavu yoyote. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, na huduma ya meli za barua kati ya Aden na Zanzibar kuanza mwaka 1872, barua na abiria wa pwani yetu waliokwenda au kutoka Ulaya walipita kwa msaada wa taa hizo. Ule wa Daedalus ulijengwa upya mwaka 1931.

Pemba, kule Ras Kigomasha, upo mnara wa taa wa chuma uliosimamishwa na Waingereza karibu na mwisho wa enzi hii.

Kusini kabisa kuna Cape Point, Afrika Kusini. Mnara wa chuma uliwashwa huko mwaka 1860, mita 238 juu ya bahari. Kwa kuwa ulikuwa wa vipande, waliweza kuupandisha hadi kileleni, na huko juu ndiko ukungu unakotanda. Usiku mwingi taa ilikuwa ndani ya mawingu huku bahari chini ikiwa wazi. Aprili 1911 meli ya abiria ya Kireno, Lusitania, iligonga mwamba wa Bellows chini ya taa hiyo. Baada ya ajali hiyo mnara mwingine ulijengwa chini zaidi, mita 87 juu ya bahari, ukaanza kazi mwaka 1919.

Naweza kwenda kuona mmoja wapo?

Ndiyo. Nchini Ireland kuna kazi mbili za Mitchell mwenyewe zilizosimama kwa miguu yake: Spitbank, mbele ya mji wa Cobh, ambao unauona ukiwa kwenye boti yoyote ya bandarini, na Dundalk wa mwaka 1855. Marekani, nenda Annapolis, ambako Thomas Point Shoal wa mwaka 1875 bado upo mahali pake pa asili katika Chesapeake, au nenda makumbusho ya bahari ya St. Michaels, ambako nyumba iliyojengwa Hooper Strait baada ya ile iliyochukuliwa na barafu imehamishiwa nchi kavu na unaingia ndani hadi vyumbani. Gibbs Hill unapandwa hadi juu pale unapokuwa wazi kwa wageni. Cape Point ndio ulio rahisi kufikika kwa walio Afrika: kuna njia ya miguu na kuna kigari cha kupanda mlima, na mnara wa chuma uko pale pale unaposhukia, ngazi chache juu. Chagua siku isiyo na ukungu ili uuone na ule wa chini pia.